Maswali ya Wasomaji: Ukuta Uliomo Ndani ya Fleti Yako Ni wa Nani?

Barua nne tulizozichagua safari hii zote zinahusu mabadiliko ya ujenzi yanayofanywa bila idhini katika majengo ya mijini yenye wamiliki wengi. Tumezifupisha, na tumeondoa majina ya watu na ya majengo.

Jirani anabomoa ukuta chini yangu

*Ndugu Mhariri, ninamiliki fleti katika ghorofa ya nne ya jengo lenye wamiliki kumi na wanane. Mwenzangu wa ghorofa ya tatu, aliye chini yangu moja kwa moja, ameanza kubomoa ukuta ulio kati ya sebule na jiko ili apate ukumbi mmoja mpana. Siku ya tatu mlango wa chumba changu cha kulala ulianza kukwaruza sakafu, na juu ya fremu yake ukatokea ufa uliopanda kwa mshazari. Nilipomwendea alinijibu kwa upole kwamba fleti ni yake, hati anayo, na fundi amemhakikishia kwamba ukuta ule ni wa kugawa vyumba tu. Mwenyekiti wa kamati naye ameniambia kwamba ugomvi wa majirani haumhusu. Nianzie wapi? — Mmiliki wa ghorofa ya nne*

Ndugu msomaji, tafadhali anza na usalama, na uanze leo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri juzi na leo unakwaruza unaonyesha kwamba fremu yake imepinda, yaani kitu kilichokuwa kikiishikilia kimesogea. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya mlango si sawa na vile vyufa vyembamba vilivyotapakaa kama utando, ambavyo mara nyingi hutokana na plasta kukauka. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe na saa pembeni, kisha piga picha ukiwa umeweka rula kando yake. Asilale mtu katika chumba hicho mpaka mhandisi wa miundo atakapokuwa amekagua ghorofa zote mbili, yako na ya chini. Ikiwa ufa utaivuka alama yako au utapanuka, ondoka na watu wako, wajulishe wanaokaa juu na chini yako, na uwaite zimamoto na mamlaka ya ujenzi bila kungoja kikao cha mtu yeyote.

Sasa nije kwenye maneno ya fundi. Yako majengo ambayo mzigo wote hubebwa na nguzo na boriti za zege, na kuta huwa zimejaza nafasi tu. Na yako mengine, hasa ya zamani na baadhi ya yale marefu, ambayo kuta zenyewe ndizo zinazobeba. Hakuna mtu anayeweza kutofautisha hizo mbili kwa kugonga plasta kwa vifundo vya vidole. Kinachotofautisha ni michoro ya miundo ya jengo, na pale michoro ilipopotea, mhandisi huchimbua plasta mahali pachache na kupima nondo kwa kifaa. Tena liko jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: hata ukuta uliojengwa kwa ajili ya kugawa vyumba tu huweza kuanza kubeba kadiri miaka inavyopita, kwa sababu slabu, yaani sakafu ya zege, iliyo juu yake hulegea kidogo kidogo na hatimaye kuuegemea. Ukiuondoa ghafla, ule uzito hutafuta njia nyingine, na dalili yake ya kwanza ni mlango kama wako.

Mwezi Aprili 2023 katika mji wa Harbin, China, mpangaji wa ghorofa ya tatu katika jengo la makazi la ghorofa 31 alivunja kuta zinazobeba mzigo ili apate nafasi ya ukumbi wa mazoezi. Nyufa zilijitokeza katika ghorofa nyingi zilizo juu yake, na zaidi ya kaya 200 zikaondolewa katika makazi yao. Jengo halikuanguka. Hata hivyo, familia ambazo hazikuwahi kumwona mtu huyo zilipoteza nyumba zao kwa sababu ya ukuta ambao hazikujua kama ulikuwapo.

Kuhusu hati, jirani yako anasema kweli nusu. Sheria nyingi za umiliki wa fleti, kuanzia ile ya New South Wales nchini Australia ya mwaka 1961 na ya Ufaransa ya mwaka 1965 hadi ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2020, hugawa jengo katika fleti za watu binafsi na sehemu za pamoja. Mpaka baina ya hizo mbili hautofautiani kwa bahati mbaya, bali kwa sheria na kwa mpango wa jengo uliosajiliwa: kwingine unapita kwenye uso wa ndani wa ukuta, kwingine katikati ya unene wake. Lakini hata pale unapopita katikati, kila fleti ina haki ya kuegemezwa na fleti nyingine, na mwenye fleti ya chini hana ruhusa ya kudhoofisha kile kinachomshikilia mwenzake wa juu. Anachomiliki jirani yako peke yake, kwa hakika, ni nafasi iliyozungukwa na jengo. Jengo lenyewe ni lenu nyote.

Ndiyo maana kazi ya namna hii huhitaji idhini mbili, na watu huzichanganya kila siku. Kibali cha mamlaka ya ujenzi hujibu swali la kama kazi ni salama na inafuata kanuni; ridhaa ya wamiliki wenza hujibu swali la kama mtu ana haki ya kugusa kitu ambacho si chake peke yake. Mwenye kibali bila ridhaa anaweza kushtakiwa na wenzake, na mwenye ridhaa bila kibali anaweza kuamriwa na mamlaka arudishe ukuta mahali pake. Mwulize jirani yako kwa maandishi kama anazo zote mbili. Namna atakavyojibu itakuonyesha hatua inayofuata.

Mwenyekiti wako amekosea, na ninalisema hili bila kusitasita. Kamati ndiyo mlinzi wa sehemu za pamoja. Suala la kuta zinazobeba mzigo haliwezi kuwa ugomvi wa watu wawili hata kama waliosikia kelele ni wawili tu. Mwandikie barua fupi yenye tarehe, ueleze ulichokiona, uambatanishe picha za ufa, na umtake aamuru kazi isimame mpaka ripoti ya mhandisi ipatikane. Nakala ipeleke siku hiyo hiyo kwa mamlaka ya ujenzi na uombe wakugongee muhuri wa kupokelewa. Kazi ikiendelea, nenda kwa wakili uombe amri ya zuio la muda mahakamani. Kila siku unayongoja inakudhoofisha, kwa kuwa mahakama huwa nzito zaidi kuamuru kuvunjwa kwa kazi iliyokamilika kuliko kusimamisha iliyoanza, na mtu aliyeona akanyamaza huulizwa kwa nini alinyamaza.

Nina kibali na nina saini kumi na moja

*Ndugu Mhariri, nilinunua fleti ya juu kabisa, na aliyeniuzia aliniambia kwamba paa linakwenda pamoja nayo. Ninataka kujenga vyumba viwili juu ya paa hilo na kuweka tangi la maji la lita 5,000. Nimepata kibali, na wamiliki kumi na mmoja kati ya ishirini wameniwekea saini. Je, hao tisa waliobaki wana haki ya kunizuia? — Mwenye paa*

Ndugu msomaji, naelewa uchungu wa mtu aliyefuata taratibu kadiri alivyozijua halafu akakwama, lakini sitakufariji kwa uongo. Maneno ya muuzaji hayahamishi umiliki. Fungua hati yako na mpango uliosajiliwa wa mgawanyo wa jengo, na uangalie maneno gani yametumika. Paa huandikwa kuwa sehemu ya pamoja katika majengo mengi, na pale mwenye fleti ya juu anapopewa kitu zaidi ya wengine, mara nyingi huwa ni haki ya kulitumia peke yake, kwa mfano kuanika nguo au kuweka viti. Haki ya kutumia haizai haki ya kujenga.

Kisha kuna hizo saini. Karatasi iliyozungushwa mlango kwa mlango kwa kawaida si azimio. Azimio hupatikana katika mkutano ulioitishwa kwa taarifa ya maandishi, wenye ajenda inayotaja jambo lako, wenye akidi, na wenye muhtasari ulioandikwa, kwa sababu mmiliki anayetia saini akiwa mlangoni kwake amesikia upande wako tu, ilhali mkutanoni angemsikia pia jirani anayeogopa maji kuvuja. Tena kumi na moja kati ya ishirini huenda wasitoshe. Ufaransa, kwa mfano, hata kazi ya kawaida inayogusa sehemu za pamoja huhitaji wingi wa kura za wamiliki wote, si za waliohudhuria pekee. Na pale mtu anapotaka kujichukulia sehemu ya pamoja moja kwa moja, sheria na kanuni za majengo mengi hudai kiwango kikubwa zaidi, na kwingine ridhaa ya kila mmoja. Kwa hiyo ndiyo, hao tisa wanaweza kukuzuia, na pengine mmoja wao angetosha.

Naomba pia utazame uzito wenyewe, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sakafu ya makazi husanifiwa kwa kawaida kubeba watu na samani zenye uzito wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa kila mita mraba. Tangi lako likijaa lina tani tano za maji, na kwa kuwa tangi la ukubwa huo hukalia takriban mita mraba mbili na nusu, kila mita mraba iliyo chini yake itabeba kilo 2,000. Hiyo ni mara kumi. Ukuta wa matofali ya zege yasiyo na matundu, wenye unene wa sentimita 15 na urefu wa kwenda juu wa karibu mita tatu, huongeza zaidi ya kilo 800 kwa kila mita unayoujenga, nao pengine utasimama katikati ya slabu ambayo haina boriti chini yake. Ikiwa michoro uliyoipeleka kwa mamlaka ilionyesha vyumba vipya peke yake, bila mahesabu ya mzigo kutoka paa hadi msingi, basi aliyekupa kibali hakuona kitu alichopaswa kukiona.

Duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, lililoanguka tarehe 29 Juni 1995 na kuua watu 502, lilikuwa limeongezewa ghorofa ya tano ambayo haikuwa katika mpango wa awali, na mitambo mizito ya kupoza hewa ilikuwa imewekwa juu ya paa na baadaye ikaburutwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, ambalo ghorofa zake za juu zilijengwa bila kibali, liliua watu 1,134 tarehe 24 Aprili 2013. Hayo hayakuwa majengo ya fleti, lakini nguzo iliyosanifiwa kwa uzito fulani haibadiliki kwa sababu wanaolala juu yake ni familia badala ya wafanyakazi. Mlete mhandisi mbele ya mkutano, awaeleze wote ishirini kwa mahesabu. Ukipata ridhaa baada ya hapo, utakuwa umepata kitu cha kutegemea.

Kamati yetu inaogopa kujenga uadui

*Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kamati ya jengo lenye fleti ishirini na nne. Wamiliki tisa wameziba roshani zao kwa matofali wakazifanya vyumba, na mmoja wa ghorofa ya chini amechomoza duka lake hadi kwenye njia ya kupitia. Hakuna aliyeomba. Tukisema, tutaonekana wabaya. Tukinyamaza, je, sisi wanakamati tunaweza kudaiwa? — Katibu*

Ndugu katibu, mwezi Agosti 1994 huko Aberdeen, Hong Kong, slabu iliyochomoza juu ya njia ya waenda kwa miguu katika jengo liitwalo Albert House, ambayo ilikuwa imebebeshwa ujenzi usio na idhini, iliangukia watu. Mtu mmoja alikufa na zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Kesi ilipofika mahakamani, chama cha wamiliki kilikuwa miongoni mwa waliotwikwa deni la fidia, na kwa kuwa baadhi ya wadaiwa wengine hawakuweza kulipa, mzigo uliwaangukia wamiliki wa kawaida ambao hawakuweka hata tofali moja. Tangu mwaka 2011 vyama vya wamiliki huko vinalazimika kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo: kulingana na sheria ya mahali mlipo, chama kinaweza kudaiwa kwa kile kilichokijua na kukiachia, na nyinyi wanakamati mtaulizwa kwanza mlifanya nini.

Hizo roshani zinanitia hofu kuliko duka. Roshani nyingi ni slabu iliyoshikwa upande mmoja tu, nayo hubebwa na nondo zilizolazwa karibu na uso wake wa juu, kwenye mzizi wake pale inapoungana na jengo. Ukuta wa matofali ukijengwa kwenye ukingo, uzito wote unawekwa mahali pale ambapo huivuta slabu kwa nguvu kubwa kabisa. Kisha mwenye nyumba huweka vigae, maji ya kuoshea hupenya kwenye kiungo, nondo hushika kutu, na kwa kuwa sasa ni chumba kilichopakwa rangi, hakuna anayeuona ufa unaojifungua juu ya mzizi. Niliwahi kusimama katika chumba cha namna hiyo na kuweka gololi sakafuni. Ilijiviringisha yenyewe hadi ukutani, upande wa barabarani. Mwenye chumba alikuwa ameweka kitanda cha mtoto pale pale. Siku hiyo niliacha kuamini kwamba jambo hili ni la makaratasi.

Msianze na vitisho. Anzeni na orodha: mwandike kila badiliko, fleti kwa fleti, pamoja na picha, kisha mhandisi apange ni lipi la hatari sasa, lipi linaweza kurekebishwa, na lipi halina madhara. Orodha ikitaja kila mtu, wakiwemo wanakamati wenyewe, hakuna atakayesema ameonewa. Na ikiwa mmoja wenu ana roshani iliyozibwa, awe wa kwanza kuifungua. Yaliyo ya hatari yapelekwe kwa mamlaka mara moja, bila kupigiwa kura. Hayo mengine yapewe muda ulioandikwa.

Kwa siku zijazo, wekeni kanuni ambayo mtu anaweza kuifuata bila kuchoka, kwa sababu sehemu kubwa ya ujenzi wa kificho huzaliwa na utaratibu unaomtaka mtu aombe ruhusa ileile kwa kupiga msumari na kwa kuvunja ukuta. Sheria ya New South Wales ya mwaka 2015 imelitatua hili vizuri kwa kutenga ngazi tatu. Kupaka rangi na kutundika picha hakuhitaji ridhaa. Kubadili jiko au kuweka sakafu ngumu huhitaji azimio la kawaida. Na kazi yoyote inayogusa muundo wa jengo au kinga ya maji huhitaji azimio maalumu, yaani lenye sharti la kura nyingi zaidi. Hong Kong nayo ilianzisha mwishoni mwa mwaka 2010 utaratibu rahisi kwa kazi ndogo ndogo, baada ya kuona kwamba kibali kizito kwa kila kitu kinawafanya watu wasiombe chochote. Ongezeni sharti moja: kabla ya kazi kuanza, mmiliki aweke amana, na arudishiwe baada ya mhandisi wa jengo kukagua kazi iliyokamilika. Amana hiyo hufanya kazi ambayo barua kumi za onyo haziwezi.

Nimenunua kosa la mtu mwingine

*Ndugu Mhariri, miezi minne baada ya kununua fleti nimeletewa amri ya kubomoa chumba kilichojengwa kwenye roshani na mmiliki aliyenitangulia. Rafiki ananishauri ningoje, kwani serikali nyingi hutangaza msamaha na mtu hulipa ada tu. Ni ushauri mzuri? — Mnunuzi*

Ndugu mnunuzi, katika nchi nyingi amri ya namna hii hufuata jengo, haimfuati aliyejenga, na ndiyo maana Hong Kong amri isiyotekelezwa huweza kuandikwa kwenye rejista ya ardhi ili mnunuzi anayefanya upekuzi aione. Muuzaji akikuficha jambo alilolijua, unaweza kumdai gharama. Mwone wakili mapema, ukiwa na mkataba wa mauzo na matangazo yoyote yaliyokisifia hicho chumba. Kudai huko hakusimamishi siku zinazohesabiwa katika amri.

Kuhusu msamaha, rafiki yako hakosei kwamba huwa upo. Italia iliutangaza mwaka 1985, 1994 na 2003. Uturuki mwaka 2018 iliwaruhusu wenye majengo yasiyo na idhini kulipa ada na kupata hati kwa kutegemea maelezo ya mmiliki mwenyewe, bila mhandisi kulazimika kukagua kama jengo ni imara. Tetemeko la Februari 2023 lilipoua zaidi ya watu 50,000 nchini humo, msamaha huo ulilaumiwa vikali. Stakabadhi ya ada haiongezi nondo katika roshani yako. Usingoje.

Utakapobomoa, mwite mhandisi kabla ya fundi. Kwanza slabu itegemezwe kwa nguzo za muda kutoka chini, kwa makubaliano na wenzako wa ghorofa zilizo chini yako, kwa sababu nguzo zitasimama katika roshani zao. Njia iliyo chini ya jengo ifungwe. Ukuta uvunjwe tofali kwa tofali kuanzia juu, bila nyundo kubwa, na vifusi viingizwe ndani na kuteremshwa papo hapo. Visirundikwe hata kwa saa moja kwenye roshani yenyewe.